Zamu ya Kanga Iliyonunuliwa na Kiboko

Ngano, ngano!
— Ije!
Ije na nini?
— Ije na utamu wake!
Na ikija na uongo?
— Uongo tutauchambua wenyewe!

Haya, chambueni, lakini mikono iendelee kumenya karanga. Najua wapo wanaosema ukisimulia ngano mchana unaota pembe. Mimi nina miaka sabini na mbili na magoti mawili mabovu. Pembe zikiota nitapata pa kutundikia kofia. Wewe Hamza, karanga hizo ni za mbegu, si za kutafuna. Nimekuona.

Nilikuwa karani wa baraza miaka thelathini na mmoja. Nimeandika kesi za mipaka, kesi za mbuzi, kesi za mahari zilizorudi na zisizorudi. Kwa hiyo nikisema jambo hili lilikuwa la kisheria, msinibishie. Kama ni wanyama kusema, bisheni mtakavyo. Kwenye sheria mniachie mimi.

Hapo kale, katika bonde moja lenye mto, wanyama walilima kwa ujima. Leo tunalima kwako, kesho tunalima kwangu. Ukinilimia ngwe moja, nami nina deni la kukulimia ngwe moja, na deni hilo waliliita zamu. Hapakuwa na karatasi wala muhuri. Ilitosha kusema mbele ya watu wawili, "Nina zamu kwa fulani," na fulani akaitika.

Ngwe ilikuwa hatua mia, na aliyezipima ni mwenye shamba kwa miguu yake mwenyewe. Lakini siku ya kulimiwa, mwenye shamba naye alikuwa na kazi yake: kulea watoto wa anayemlimia. Mama hawezi kuinama na jembe huku mtoto analia kichakani. Basi ukienda kumlimia Kanga, Kanga anakaa na wanao. Anawabeba, anawalisha, anawaepusha na maji, mpaka ngwe iishe. Mtoto akilowa, au akiachwa peke yake, zamu imekufa, na mlimaji anachukua jembe lake anarudi nyumbani. Hiyo ndiyo desturi, na kila mmoja bondeni aliijua.

Kila mmoja isipokuwa Kiboko. Kiboko hakuwahi kuingia kwenye ujima hata siku moja. Alikuwa na shamba kubwa kando ya mto, udongo mweusi, na maboga yalijiotea tu bila kuombwa. Mchana alilala majini, jioni alitoka kula. Kumlimia mtu? Yeye?

Sasa mwaka mmoja njaa ikaingia. Ghala zote zikawa tupu, ila kwa Kiboko maboga yalijaa mpaka mlangoni. Panya akaenda kuomba. Kiboko akamwuliza, "Una nini cha kunipa?" Panya akasema hana kitu, ana zamu moja tu, anamdai Kindi. Kiboko akafikiri, na akifikiri alikuwa anapumua kwa nguvu, fwooo, fwooo. Akasema, "Nipe hiyo zamu. Chukua boga."

Kesho yake akamwendea Kindi. "Ile zamu uliyokuwa unadaiwa na Panya ni yangu sasa. Njoo ulime." Kindi akaja. Kiboko akapima hatua mia kwa miguu yake: ndi, ndi, ndi, akavuka bonde, ndi, ndi, ndi, akapanda kilima, akapotea huko, na sauti ya hatua ikawa bado inasikika. Kindi akalima. Kwatu, kwatu, kwatu. Siku ya kwanza hakumaliza. Siku ya tano hakumaliza. Shamba lake mwenyewe likaota magugu, njaa ikamshika, naye akamwuzia Kiboko zamu aliyokuwa anamdai Panya. Boga moja. Kesho yake Panya akaitwa na jembe lake.

Mmeona mchezo? Panya amenunuliwa kwa Kindi, Kindi amenunuliwa kwa Panya, na wote wawili wanalima kwa Kiboko.

Mama Sijaona ananiuliza hapa, mbona hawakumkabidhi Kiboko watoto wao kama desturi inavyosema. Mama Sijaona, wewe ungempa Kiboko mtoto wako? Basi. Waliwaacha nyumbani na wazee wao, wakanyamaza. Panya alijaribu jambo jingine. Alisema zamu ile aliahidiana na Kindi, kwa hiyo ngwe ipimwe kwa miguu ya Kindi. Alisema kweli kabisa. Zamu ikihamia kwa mwingine, mzigo wa anayedaiwa haupaswi kuongezeka, na karani yeyote atakwambia hivyo. Kiboko alimkanyagia mkia, wakaliacha hilo.

Basi katika bonde hilo alikuwepo Nguchiro. Mnamjua nguchiro, mnyama mwembamba, mkia mrefu, macho hayatulii. Alikuwa na watoto watatu, Chokochoko, Mdaku na Kisirani, na kila mmoja alilistahili jina lake. Mume wake alikwenda kutafuta asali, na huo ulikuwa mwaka wa pili anaitafuta. Ndani mwake kulikuwa na kibuyu kimoja cha mbegu za mtama. Watoto walilia kwa njaa, naye hakukifungua. Mawingu yalishaanza kupandana upande wa mlima. Mbegu zile zisipoingia ardhini kabla ya mvua, wangezila kwa wiki moja, halafu basi, hakuna kingine.

Na Nguchiro alikuwa na deni moja tu duniani. Msimu uliopita alipojifungua, Kanga alimlimia ngwe moja. Kwa hiyo Kanga alikuwa na zamu kwake.

Asubuhi moja akasikia nje: ndi, ndi, ndi. Akatoka. Akaamkia, "Shikamoo, Mzee Kiboko."

Kiboko hakuitika. Akasema, "Zamu ya Kanga ni yangu sasa. Kesho alfajiri uje na jembe."

Nguchiro akamjibu kwa heshima kwamba Kanga hajamwambia lolote, na mpaka amsikie Kanga mwenyewe, yeye anamjua Kanga tu. Akaenda kwa Kanga mbio. Alimkuta nyuma ya nyumba, mdomo una nyuzi za boga, hawezi kumtazama usoni.

"Ni kweli, shoga yangu," Kanga akasema. "Watoto walilia siku mbili. Nimeiuza."

Nguchiro alikasirika, asiwadanganye mtu. Alikasirika mpaka nywele za mkia zikasimama. Lakini aliwaona vifaranga wa Kanga wanapigania mbegu za boga, akayameza maneno yake. Akaketi chini ya ukuta wa Kanga. Akawaza shamba lake ambalo halijalimwa, mawingu, kibuyu cha mbegu. Akawaza miguu ya Kiboko. Kisha akawaza ngozi ya Kiboko, ile ngozi isiyovumilia jua, na akaanza kucheka peke yake, chi-chi-chi, mpaka Kanga akadhani njaa imempanda kichwani.

Mchana huo alizunguka bonde zima. Aliingia kwa Panya, aliingia kwa Kindi, aliingia kwa kila aliyenaswa. Kila mahali aliuliza swali moja: zamu anayokudai Kiboko ikifa kesho, utanilimia ngwe moja kesho kutwa? Wakamwambia zamu ya Kiboko haifi. Akawaambia, "Sikuulizi kama itakufa. Nakuuliza ikifa." Wakakubali, maana kukubali hakukuwa na hasara. Naye akawaambia wanachotakiwa kufanya saa sita mchana.

Alfajiri akaenda kwa Kiboko, jembe begani, watoto nyuma, Kanga na majirani kadhaa wakimfuata kama mashahidi. Kiboko alikuwa amesimama kando ya mto, amefurahi. Nguchiro akamwamkia tena, halafu akamwuliza mbele ya wote:

"Mzee, ulichokinunua ni mimi, au ni zamu ya Kanga?"

"Zamu ya Kanga."

"Yote, kama ilivyokuwa mkononi mwa Kanga?"

"Yote. Silipi boga zima kwa nusu ya kitu. Kama ilivyokuwa, na kila kilicho chake."

"Mmesikia," Nguchiro akawaambia mashahidi. Wakasema wamesikia. Akamgeukia Kiboko, akamwambia apime ngwe.

Kiboko akapima kwa miguu yake. Hakuna aliyembishia. Nguchiro mwenyewe akamhimiza, akasema hatua ile ya kwanza ilikuwa fupi kidogo, arudie. Kiboko akaona huyu sasa ana adabu. Akarudia, akanyoosha miguu mpaka kiuno kikalia. Ndi. Ndi. Ndi. Akavuka bonde, akapanda kilima, akarudi anahema.

"Vizuri," Nguchiro akasema. "Sasa shika watoto."

Kiboko akauliza watoto gani. Nguchiro akamweleza desturi, polepole, neno moja moja, kama unavyomweleza mgeni njia. Kanga alikuwa anadaiwa kulea watoto hawa siku ya kulimiwa, mpaka ngwe iishe, wasilowe, wasiachwe. Zamu imenunuliwa kama ilivyo. Mtoto akilowa, zamu imekufa. Kiboko akawatazama mashahidi. Mashahidi wakaitikia kwa vichwa, na Kanga akasema ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Kiboko akacheka. Vitoto vitatu, kila kimoja hakizidi unene wa sikio lake? Akasema walete. Chokochoko akapanda kichwani. Mdaku akaingia kwenye sikio la kulia. Kisirani akakaa katikati ya matundu mawili ya pua, akaanza kung'oa sharubu, moja baada ya nyingine. Nguchiro aliwakazia macho wanawe mara moja, akawaambia wajishike sana na wasilale.

Akaanza kulima. Kwatu. Akainama, akaokota mzizi, akautazama, akauweka pembeni. Kwatu. Akapata jiwe, akalifuta vumbi, akaliweka pembeni. Alilima vizuri, siwezi kumsingizia. Hakuruka hata jani moja la gugu.

Jua la saa tatu likafika. Kiboko akauliza, "Ngwe imeisha?"

"Bado, Mzee."

Kwatu. Akapumzika. Kwatu.

Jua la saa nne. Mgongo wa Kiboko ukaanza kuwasha. Akasogea kuelekea mtoni, hatua moja. Kisirani akapiga kelele, chwii, chwii, chwii, na mashahidi wote wakageuza shingo. Kiboko akarudi nyuma. Akauliza, "Ngwe imeisha?"

"Bado, Mzee. Ndiyo kwanza nimefika hatua yako ya kwanza. Ni hatua nzuri, pana."

Jua la saa tano. Ngozi ikaanza kukauka na kupasuka kama matope ya dimbwi lililokauka. Jasho jekundu likamtoka. Maji yalikuwa pale pale, hatua nne, yanameta, yanapita, hayamjali. Mdaku akatoka sikio la kulia, akapita juu ya macho, akaingia sikio la kushoto kuona kama lina tofauti.

Kiboko akamwita Yangeyange, yule ndege mweupe aliyekuwa akimtoa kupe mgongoni. Akamwamuru awashike watoto, yeye ajitose mara moja tu. Yangeyange akashuka. Nguchiro akaacha jembe.

"Yangeyange simdai kitu," akasema. "Ninayemdai ulezi ni wewe. Wanangu nimekukabidhi wewe, na sijakubali wahamie kwa mwingine."

Kiboko akanguruma, akasema mbona zamu yenyewe ilihama kutoka kwa Kanga kuja kwake, na Nguchiro hakuulizwa.

Hapa mnisikilize, maana hili watu wazima wenye suti wamelishindwa mbele yangu barazani. Ukimdai mtu, unaweza kumpa mwingine akadai badala yako. Anayedaiwa aambiwe tu. Lakini ukidaiwa wewe, huwezi kumsukumia mwingine deni lako mpaka anayekudai akubali. Asipokubali, ni lako. Nguchiro alimwambia Kiboko maneno hayo hayo, kwa kifupi zaidi, na Yangeyange akarudi mtini, na nadhani alifurahi.

Jua la saa sita. Njiani vumbi likatimka. Alitangulia Panya na watoto kumi na mmoja. Nyuma yake Kindi na wanne. Nyuma yao wote wengine walionaswa, majembe begani, watoto mgongoni, kwapani, wengine wameng'ang'ania mikia. Wakafika, wakapanga foleni mbele ya Kiboko, wakamwamkia vizuri.

Kiboko akauliza wanataka nini. Panya akajibu kwamba wamekuja kumalizia zamu zao, na leo wamekuja na watoto kama desturi inavyotaka. "Wa kwangu kumi na mmoja hawa, Mzee, huyu mdogo anauma."

Kiboko akautazama mto. Akaitazama foleni. Akaitazama ngwe yake, aliyoinyoosha mwenyewe mpaka nyuma ya kilima, na Nguchiro ambaye alikuwa bado hajamaliza hatua ya pili.

"Ngwe itaisha lini?" akauliza.

"Nikijitahidi, siku ya tisa."

Kiboko akafunga macho. Kisirani akamfungua moja.

"Zamu nimeiacha," akasema kwa sauti ndogo.

Nguchiro akaweka mkono sikioni, akaomba radhi, akasema upepo unavuma hivyo hakusikia vizuri. Kiboko akarudia kwa nguvu: zamu ameiacha, hadai tena. Nguchiro akauliza zamu ya nani. Kiboko akasema yake, ya Nguchiro. Nguchiro akaitazama foleni, akashusha pumzi, akasema yeye atawachukua wanawe, lakini hawa wengine itabidi wapokelewe, kwa zamu, na Panya ndiye wa kwanza. Watoto kumi na mmoja wakaanza kupanda mguu wa Kiboko.

"Zote!" Kiboko akalia. "Nimeziacha zote! Simdai mtu!"

Mashahidi wakasema wamesikia. Nguchiro akawashusha wanawe mmoja mmoja, Mdaku ikabidi avutwe. Na Kiboko akakimbia, na ardhi ikakimbia naye, tumbwiii! Maji yakaruka mpaka kwenye miti. Hakuonekana tena mpaka jioni, na hata hapo yalitoka macho na pua tu.

Kesho yake, wote walioachiwa wakaja kwa Nguchiro na majembe, kama walivyoahidi. Alipima ngwe zake kwa miguu yake mifupi, na ikawa kazi ya asubuhi moja. Yeye alikaa na watoto thelathini na watatu, maana desturi ni desturi, na ikifika saa nne alikuwa hoi kuliko waliolima. Alasiri kibuyu kilifunguliwa. Mbegu zikaingia ardhini zote, hata punje moja haikubaki. Siku ya tatu mvua ikanyesha, na Nguchiro akasimama mlangoni akalia, na hakuona haya kulia.

Alipokuwa bado anafuta macho, Kanga akaja amelowa. Akapiga hodi, akakaribishwa, akaketi. Akasema sasa mambo yametulia, na yeye shamba lake bado, basi Nguchiro aje kesho amlipe ile ngwe yake.

"Ngwe ipi, shoga yangu?"

"Ile niliyokulimia ulipojifungua."

"Hiyo uliiuza," Nguchiro akasema. "Ukala boga. Aliyeinunua ameiacha mbele ya mashahidi, na wewe ulikuwa shahidi."

Nguchiro akammiminia uji, akamwongezea, akamsindikiza mpaka njiani, na ngwe hakulima.

Mtama wa Nguchiro mwaka ule uliupita wa wote bondeni.

Sasa funzo, maana ngano bila funzo mtasema nimewapotezea muda. Funzo ni hili: mwenye deni alipe deni lake, kwa wakati, bila maneno mengi na bila kuuliza maswali mbele ya mashahidi. Nguchiro hakulipa, akavuna magunia sita. Kanga alimlimia mwenzake kwa moyo mweupe, akaambulia boga moja. Lakini ninyi lipeni. Na mimi, Hamza, ile siku uliyoahidi kuniezekea paa nimempa Mama Sijaona, nawe nimekwisha kukuambia, kwa hiyo kesho uende kwake.

Ngano yangu imevuka mto, viatu mkononi.
— Imevuka salama!
Aliyebaki ng'ambo?
— Ajitafutie mtumbwi!